Mlango wa Bani

Nilimpelekea mgonjwa machungwa nikakuta kitanda kimetandikwa. Mgonjwa mwenyewe ni binti wa kaka yangu, yule tunayemwita Kijiti kwa wembamba wake, na kitanda hicho kilikuwa kimenyooshwa vizuri mno kwa mtu mwenye homa. Mchana huo mwalimu mkuu alisimamisha pikipiki yake njiani akaniambia Kijiti hakufika darasani, baba yake ametuma neno kwamba mwili unamchemka. Mimi tena, shangazi ni shangazi, nikanunua machungwa, nikayafunga kwenye pindo la kanga, nikaja mbio na jasho langu. Nilipapasa shuka. Ilikuwa baridi. Nikayaacha machungwa juu ya mto, nikatoka kwa mlango wa nyuma, na hasira ilikuwa imeshanifika kooni kabla hata sijaona kitu.

Hasira yangu ilikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita, mavuno ya tumbaku yalipokwisha, mwalimu mkuu alituita wazazi wote shuleni. Hakutuhutubia. Alituambia tu kila mmoja akakae kwenye dawati la mwanawe. Tukajibana pale, magoti yakigonga mbao, tukifuta vumbi kwa viganja, maana msimu mzima madawati yale hayakukaliwa na mtu. Aliyekuja kutafuta ugomvi alikosa pa kuanzia. Kabla hatujainuka tulikubaliana kwamba tutavuna kwa zamu: watu wazima wa nyumba zote wanaingia shamba la mmoja, wakimaliza wanahamia la mwingine, ili asihitajike mtoto hata mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, tulisema, tukapiga makofi. Zamu tukazipigia kura. Na nyumba itakayoingiza mtoto shambani au ndani ya bani inatolewa kwenye zamu, ivune peke yake na ijue yenyewe. Mkaguzi wakanichagua mimi, kwa madai kwamba nina mdomo. Sikukataa, kwa sababu ninao.

Sasa, bani ni ile nyumba ya kukaushia majani, na ya kwetu ni kuta nne za matofali ya udongo, ndefu na nyembamba ili zisile kuni nyingi. Ndani hakuna chumba. Kuna boriti tu, zimepita kutoka ukuta hadi ukuta, safu juu ya safu mpaka kwenye bati, na juu ya boriti hizo ndipo zinapowekwa fito zilizotungwa majani. Mlango ni tundu la kuinamia. Kila mtu alijenga kama baba yake alivyojenga. Katika kikao kile tuliongea sana juu ya mashamba, na tulipofika kwenye mabani kila mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Uani kwa kaka yangu nilikuta lundo la majani mabichi limefika kifuani. Wifi yangu alikuwa amepiga magoti kwenye tanuri, ambalo liko nje, nyuma ya ukuta, na mabomba yake ndiyo yanayopeleka joto ndani. Kaka yangu, ambaye dunia nzima inamwita Msumari kwa kuwa akishaingia hang'oki, alikuwa ameinama mlangoni mwa bani akisukuma ufito wa majani kuelekea juu. Na kando ya mguu wake kulikuwa na kandambili ndogo za bluu, zimepangwa sawasawa, kama mtoto aliyefundishwa adabu anavyoziacha mlangoni.

Nikamuuliza Kijiti yuko wapi. Akajibu amelala, uzi wa kutungia ukiwa bado katikati ya meno.

"Amelala pekupeku?" nikasema.

Ndipo alipojinyoosha akanielekeza juu kwa kidevu, nitazame mbingu. Mawingu yalikuwa meusi kweli. Akaanza kujieleza, na sitasema alidanganya. Majani ya chini yalikuwa yameiva yakapitiliza. Zamu yake ilikuwa kesho, na mvua haikuwa imepigiwa kura. Kwa hiyo yeye na mkewe walichuma wenyewe tangu jana, majani yakiwa na umande, na majani yaliyolundikwa hayangojei mtu. Aliuchukua mkono wangu akauzamisha ndani ya lundo. Lilikuwa linachemka kama uji. Siku moja zaidi na lingekuwa samadi. Wifi yangu hakugeuka, alizidi kuchochea moto kana kwamba mimi sipo.

"Tulipanda wote humu," kaka yangu akasema. "Nani alikufa?"

Nikamjibu kwamba mimi sikupanda. Tulipokuwa watoto mimi nilikuwa bonge, nilisimama mlangoni kupokeza fito. Aliyepanda ni yeye, maana alikuwa ubavu mtupu. Alichukua ufito mwingine, akausukuma ndani kwenda juu, akasema, "Shika."

Ufito haukushikwa. Ulisimama hewani kidogo, kisha ukamrudia mikononi. Akasema tena, shika, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayedhani mwenzake ameghafilika. Ndani kukasikika majani yakikwaruzana, kitu kikashuka kwa mkururo, kikagonga, kikanyamaza. Halafu tukasikia mtoto anatapika.

Kila anayelima tumbaku anajua kizunguzungu cha jani bichi lenye maji. Linapita kwenye ngozi. Mtu mzima anashikwa na kichefuchefu, analala kivulini, jioni anacheka. Mtoto ni jambo jingine, na mtoto aliye juu ya boriti, ndani ya giza, huku tanuri limeshawashwa ili kuyapasha majani yaliyolowa, hilo sikuwahi hata kulifikiria. Nilimpigia wifi yangu kelele atoe moto. Aliukokota wote nje kwa jembe, makaa yakatawanyika uani, yakachoma ukingo wa gauni lake asishughulike.

Kaka yangu alikuwa ameshaingiza kichwa na bega. Hapo ndipo nilipoona alichokifanya kwa haraka zake. Desturi ni kujaza safu ya juu kwanza, mpandaji akishuka safu moja baada ya nyingine, mpaka anatokea mlangoni. Yeye, kwa kuogopa mvua, alikuwa akimpa Kijiti fito za juu huku yeye mwenyewe akijaza za chini, akamwachia mtoto mwanya mmoja wa kushukia, kando ya ukuta wa nyuma. Kijiti alikuwa amedondokea ndani ya mwanya huo na fito zimemfuata. Juu yake majani, chini yake majani.

Tulizivuta fito za chini tukazitupa uani. Hata zilipotoka, boriti zilibaki, na zilikuwa zimekaribiana, maana Msumari alikuwa ameongeza nyingine ili bani lichukue mzigo zaidi. Bega lake lilikwama kwenye safu ya pili. Akatoka, nikaingia mimi. Mungu aliniumba kwa ukarimu, nami nimemshukuru kila siku isipokuwa siku ile. Nilikwama kiunoni, kichwa ndani, nyonga nje, natwanga miguu hewani, mpaka wifi yangu alipokuja kunivuta kwa vifundo kama anayetoa mbuzi mtaroni. Siku nyingine tungecheka wiki nzima.

Nikakumbuka tundu. Kila bani lina tundu dogo kwenye ukuta wa nyuma, linazibwa kwa tambara, la kuchungulia rangi ya majani. Nilizunguka mbio, nikapanda juu ya jiwe, nikang'oa tambara, nikaingiza mkono mpaka kwapani. Majani, utomvu, majani. Halafu ngozi. Nilipapasa nikakuta ni kisigino, kimelowa, kina ubaridi wa chura. Nikakibana. Kikanijibu, kidogo sana, mguu ukijikunja.

"Nimempata," nikasema. "Yu hai."

Wifi yangu alikuja kusimama karibu yangu, uso umempauka kwa majivu. Nilidhani ataniuliza juu ya mwanawe. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, nakuomba, usipige yowe. Watu wakija tumekwisha."

Sikumchukia, na simchukii. Alikuwa anasema kweli. Watu wakija watakuta kandambili mlangoni, na nyumba ile itatolewa kwenye zamu, na shamba lote lililobaki litawaozea wakiwa wawili. Na mimi mkaguzi, mwenye mdomo wangu, nitakuwa hadithi ya kisimani: alikuwa akikagua nyumba za watu, kikulacho ki nguoni mwake. Yote hayo yalinipita kichwani, na kwa muda kidogo yalikuwa na uzito. Lakini mficha uchi hazai, na kisigino kilikuwa mkononi mwangu. Nikafungua mdomo walionichagulia, nikapiga yowe mpaka mbwa wa ng'ambo wakaitikia.

Walikuja wote waliokuwa kwenye zamu ya shamba la jirani, mikono imewanata utomvu mweusi, wengine na majembe. Mbele yao alikuwa Baba Pacha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mwalimu mkuu alifuata na pikipiki yake, na nyuma yake watoto waliotoka shule, wanaokimbilia kelele kama kawaida ya watoto. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliziona kandambili, wakamwona mkaguzi amemezwa mkono na ukuta, wakaelewa.

Baba Pacha alichungulia mlangoni, akatoka akitikisa kichwa. Akasema hapa hapiti mtu mzima, anahitajika mtu mwembamba. Akageuka kwenye kundi la watoto, akamwita mmoja wa pacha wake.

Binti yule alikuja mbele. Aliweka mkoba chini, akavua sweta la shule, akalikunja. Akapitisha pindo la sketi katikati ya miguu, akalifunga kiunoni fundo moja tu la haraka. Akatoa leso akafunga pua na mdomo. Kisha akamtazama baba yake, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Naanzia juu au naanzia chini?"

Baba Pacha alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mimi niliwatazama watu mmoja mmoja, natafuta uso uliostaajabu, niungane nao kumkemea Baba Pacha. Sikuupata, isipokuwa wa mwalimu mkuu. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Kumbe kisa chetu kilikuwa kimoja. Tulikuwa tumeapa watoto hawataingia, halafu tukarudi nyumbani kwenye mabani ambayo mtu mzima hapiti, na kila nyumba ikamaliza jambo hilo kimyakimya, milango ikiwa imefungwa, baada ya saa za shule. Na mimi nilikuwa nikikagua mashamba, natembea na kifua changu mbele.

"Aingie, wifi," mama yake Kijiti alisema. "Aingie amtoe mwanangu."

Nitasema ukweli, nilitaka aingie. Kisigino kilikuwa kinazidi kupoa. Yule binti ni mwepesi, amezoea, kazi imekwisha mara moja, na ukuta umebaki, na majani yamebaki, na kesho tutakaa kikao tusemane. Nilikuwa na neno la ndiyo kwenye ulimi. Nikamwona jinsi anavyosubiri pale mlangoni, bila hofu, mkono juu ya boriti ya kwanza, amesimama kwa mguu mmoja kama mtu mzima anayengoja zamu ya maji. Nikaona nyuma yake pacha mwenzake anafungua vifungo vya sweta taratibu, bila kuambiwa na mtu.

"Akizimia huyu naye," nikasema, "tutamtuma nani? Yule?"

Baba Pacha aligeuka akamwona. Alikwenda akamshika binti wa kwanza begani, akamtoa mlangoni, akamfungua leso usoni.

Nikasema wavunje ukuta. Wote wakamtazama mwenye bani, maana ukuta huo ndio unaobeba boriti, na boriti ndizo zinazobeba nusu ya msimu wake. Kaka yangu alikuja pale nilipo, akanisukuma kidogo, akaweka mdomo kwenye tundu, kando ya bega langu.

"Kijiti," akasema. "Mwanangu. Usifumbue macho, ukifumbua ndiyo kunazunguka. Weka shavu ukutani. Ukuta una ubaridi, utakusaidia. Ukitaka kutapika geuza uso kando. Usijaribu kushuka mwenyewe, miguu haitakusikia."

Alikuwa anaongea polepole, kama anayesoma kitu alichokiandika zamani. Nilikuwa nimebanwa kati yake na ukuta, nyuso zetu hazijaachana hata shibiri.

"Ulijua," nikamwambia.

Akasema, "Kizunguzungu kikiniangusha, nilikuwa namwambia baba kwamba nilipitiwa na usingizi."

Nyumbani kwetu hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Msumari alilala ndani ya bani. Wageni wakija wanahadithiwa, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka, mtoto wa watu, kwa sauti kuliko sisi sote. Nilimhurumia na nilitaka kumpiga kofi, na sikuwa na mkono wa kumpigia.

Akachukua mtaimbo.

Baba Pacha ndiye aliyemshika mkono kabla hajapiga. Ukuta ukitoka, boriti zinashuka, na zikishuka zinamwangukia mtoto. Lakini ncha za boriti zetu hutokeza nje ya ukuta, kila moja urefu wa mkono, watu hutundikia majembe. Kwa hiyo alisema kila mtu achukue ncha yake. Safu ya chini walishika mikononi, iliyofuata waliweka mabegani, ya juu yake wakainulia kwa magogo yenye panda, wanaume wawili kwa kila gogo. Wifi yangu alikuwa chini ya moja, na mwalimu mkuu, na shati lake jeupe, chini ya nyingine. Watu ambao kitambo kidogo walikuwa hawatazamani walisimama mabega yamegusana, wanapumua kwa pamoja, na Baba Pacha anawaambia: inua, shikilia, usilegeze.

Kaka yangu alichokonoa tofali la kwanza chini ya kwapa langu. La pili. Udongo uliniingia machoni. Kila tofali lilipotoka boriti ilishuka kidogo na mtu aliyekuwa chini yake akaguna. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kubana kisigino, nabana na kungoja, nabana na kungoja, na kila mara kilinijibu kwa kujikunja. Mvua ikaanza. Matone makubwa, ya mbalimbali, kisha yote kwa pamoja. Udongo ukaanza kuteleza.

Nilibana, kisigino hakikujibu.

Nikabana tena. Nikakikuna kwa kucha, kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mchanga, na alikuwa akipiga teke na kucheka. Hakuna kitu. Nilikuwa sitaki kusema. Nilidhani nikisema, mtu mmoja atalegeza bega, na wote wataanguka. Kaka yangu alinitazama usoni akajua. Aliutupa mtaimbo, akaanza kung'oa matofali kwa mikono, kwa kucha, mawili mawili, anayatupa nyuma bila kuangalia yanampata nani. Boriti moja ikateleza kutoka kwenye bega la mtu, ikalia, mwalimu akaipokea kwa mgongo. Nilisikia pumzi inamtoka. Hakuiacha.

Tundu lilipofika upana wa mabega ya mwanamume, kaka yangu alijitosa ndani mpaka kiunoni. Nilisikia fito zinavunjika. Alikaa humo muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akaanza kurudi nyuma, polepole, na mikononi mwake alikuwa na majani mengi sana, na ndani ya majani hayo alikuwamo Kijiti.

Sikukiachia kisigino mpaka alipowekwa chini. Alikuwa na rangi ya majivu, utomvu umemgandisha kope, midomo imekauka. Mvua ilimpiga usoni. Mama yake alikuwa bado chini ya boriti, hawezi kuja, analia akiwa amesimama kwa sababu akiondoka mtu ataumia. Mimi nilimgeuza mtoto ubavu, nikamwingiza kidole mdomoni nikatoa uchafu. Nikampiga mgongoni kwa kiganja. Nikampiga tena. Alikohoa, akatapika maji ya kijani, akavuta hewa kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, nami nikaipenda sauti ile mpaka leo.

Mtu alichukua nafasi ya mwalimu, mwingine ya wifi yangu. Walimpakia Kijiti katikati yao kwenye pikipiki, wakaondoka kwenda zahanati ndani ya tope, mwalimu anaendesha mgongo umepinda upande mmoja.

Tuliobaki tulikuwa pale pale, mvua inatupiga, bani lote liko mabegani mwa watu. Baba Pacha alisema linaweza kuokolewa. Tukisimika magogo chini ya boriti, tukiziba ukuta kwa turubai, majani ya juu yatapona. Alikuwa anasema kweli, na watu wote walikuwa tayari. Wangesimama pale mpaka asubuhi kwa aibu peke yake.

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye matope, mikono inamtoka damu, anaitazama mikono hiyo.

"Achieni," akasema.

Baba Pacha akamuuliza mara ya pili. Akasema waachie. Basi wakaambiana, wakahesabu pamoja, wakaruka nyuma wote kwa mara moja, na bani la kaka yangu likaanguka, ukuta wa nyuma kwanza, kisha bati, kisha zile kuta nyingine zikajilaza taratibu juu ya majani.

Kikao cha kumtoa Msumari kwenye zamu kilifanyika kesho yake, siku aliyokuwa amepangiwa. Mimi ndiye niliyepaswa kumshitaki, nami nilimshitaki, ndugu yangu wa tumbo moja. Nilipomaliza, Baba Pacha alisimama akasema kama ni kutolewa, basi atolewe na yeye. Halafu akasimama mwingine. Walivyozidi kusimama, nikaona tukiendelea hivi zamu itabaki na mwalimu mkuu, ambaye hana hata mche wa tumbaku. Nikawaambia wakae, wasinipotezee siku. Tukaacha kuulizana nani alimwingiza nani, tukaulizana mlango unamtosha nani. Mchana huohuo tulianza kwa Baba Pacha, kwa mtaimbo uleule. Tulipanua mlango, tukang'oa boriti za nyongeza, na majani ya juu ya kaka yangu, yaliyokuwa bado shambani, tuliyachuma sote tukayakausha humo. Yalikuwa machache. Bani lenye nafasi linachukua mzigo mdogo na kula kuni nyingi, na kila mtu msimu ule alilalamika, na mimi niliwaambia walalamike wakiwa wamesimama ndani.

Kipimo cha mlango kilikuwa mimi. Lilianza kama utani, fundi mmoja alisema akipita Shangazi amepita kila mtu, na likawa sheria. Nyumba baada ya nyumba niliitwa kupitisha nyonga zangu, watu wamekusanyika, nikikwama tofali linatoka. Nimekwama kwenye mabani mengi kuliko mwanamke yeyote aliye hai. Watoto walikuwa wakija kutazama baada ya masomo na kupiga makofi nikipita.

Bani la kaka yangu lilikuwa la mwisho, maana alilijenga upya kutoka chini. Kijiti alikuwa ameshapona, isipokuwa hapendi kushikwa mguu, hata na mimi. Siku ya kupima alikuwa shuleni, na sikuomba aitwe. Nilipita mlangoni bila kugusa upande wowote, kaka yangu alikuwa ameongeza upana wa tofali zima kwa heshima ya dada yake. Nikiwa ndani nikaona boriti zimeachana vizuri, nikaanza kupanda. Sijui kwa nini. Nilipanda safu moja, nikapanda nyingine, nikihema, mpaka kichwa kikagusa bati.

Sikuwahi kufika kule juu. Maisha yangu yote nilikuwa nasimama mlangoni. Hata bila majani, hata bila moto, kulikuwa na giza, na chini nilipotazama pakaanza kuzunguka. Nikafumba macho. Nikaweka shavu ukutani, na ukuta ulikuwa na ubaridi, kama alivyosema.

"Dada," kaka yangu aliniita kutoka mlangoni, kwa sauti ya utani. "Umelala huko juu?"

Mara utani ukamtoka. Nilimsikia akishika fremu ya mlango, na nilijua anangoja nijibu upesi. Nikamwambia sijalala, nipo macho, nashuka sasa hivi, na mlango unatosha.